Nafasi ya Yohane Mbatizaji Katika Meza ya Noeli

Kila Desemba katika parokia zetu za Songea kuna swali ambalo hatuliulizi kanisani: mtu aliyeacha pombe miezi miwili iliyopita aisherehekee vipi Noeli? Kumhubiria aache, tunajua. Kumshukuru Mungu anapoacha, tunajua pia. Lakini sikukuu ikifika tunamwacha peke yake mbele ya kreti za bia, tukidhani kwamba kazi iliyobaki ni yake. Insha hii inauliza mambo mawili. Je, Mkristo asiyekunywa anakosa sehemu ya sikukuu? Na kama hakosi, ni nani mwenye wajibu wa kuona kwamba anaipata yote?

Tuanze na hali yetu ilivyo. Mwishoni mwa Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam hupita Makambako na Njombe yakiwa yamejaa watoto wetu wanaorudi nyumbani. Mvua zimeanza, mashamba yanapandwa, na aliyekuwa mbali mwaka mzima anataka ndugu wajue kwamba amefika. Njia ya haraka ya kujulikana ni kununua. Lizaboni, Mfaranyaki, Bombambili, na vijijini pia kuelekea Peramiho na Mbinga, meza hujaa chupa. Na pale ambapo fedha ni kidogo huja komoni, ugimbi au ulanzi kwa ndoo. Anayejitahidi kuacha hawezi kuyakwepa hayo kwa kujifungia ndani, kwa sababu sikukuu yenyewe inakuja nyumbani kwake. Shemeji anabisha hodi akiwa na chupa mkononi. Baba mkubwa anatuma kijana aje kumwita. Akikataa wito wa baba mkubwa siku ya Noeli, amemvunjia heshima mzee.

Kwa nini kukataa glasi kunakuwa jambo zito hivyo? Kwa sababu kwetu kinywaji hakikuwa kinywaji tu. Kumpa mtu ni kumwambia: wewe ni wa kwetu. Wamatengo wa Mbinga wana desturi ya ngokela, ambapo majirani hukusanyika kulima shamba la mwenzao, naye huwaandalia chakula na pombe. Pombe ile ni shukrani. Huwezi kuiita mshahara. Vivyo hivyo katika posa, arusi na kumaliza matanga, chungu kilizunguka ili kuonyesha kwamba watu wamepatana. Basi mtu anapofunika glasi yake kwa kiganja, wenzake hawasikii kwamba anaikataa pombe. Wanasikia kwamba anawakataa wao. Ndiyo maana maswali huanza: “Umeokoka siku hizi?” “Unatumia dawa?” “Onja tu kidogo, leo ni Noeli.” Wengi wanaosema hivyo hawana ubaya moyoni. Wanampenda, na hawajui njia nyingine ya kumwonyesha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na anayeweza kunywa chupa moja akaenda kulala hamjui yule ambaye chupa moja kwake haijawahi kubaki moja.

Kuna wanaojibu kwa kutaja Maandiko, na hoja yao tuipe heshima yake. Wanasema: Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana ya Galilaya, divai ikaisha, naye akageuza maji ya mitungi sita ya mawe kuwa divai nzuri. Basi pombe si dhambi, na anayeikataa siku ya sikukuu anajifanya mtakatifu kuliko Yesu. Sehemu ya kwanza ni kweli. Kanisa Katoliki halifundishi kwamba kinywaji chenyewe ni dhambi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 31, anaisifu divai inywewayo kwa kiasi na kuonya juu ya ile inayopita kiasi, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inasema kwamba fadhila ya kiasi inatutaka tuepuke kila aina ya kupita kiasi, iwe katika chakula, pombe, tumbaku au dawa.

Lakini tuisome Kana vizuri. Kilichokuwa hatarini pale hakikuwa kiu ya wageni. Ilikuwa aibu ya wenye nyumba, ambao wangesemwa kijijini kwa miaka mingi kwamba arusi yao iliishiwa. Mama Maria aliiona aibu hiyo kabla ya watu wengine, akaenda kwa Mwanawe. Yesu akawaokoa wenyeji wasifedheheke, tena kimya kimya, hata mkuu wa karamu hakujua divai ilitoka wapi. Watumishi ndio waliojua. Tukitaka kuifuata Kana, basi tuulize swali alilouliza Mama Maria moyoni mwake: katika nyumba hii, nani yuko karibu kuaibika? Katika nyumba nyingi za Songea siku ya Noeli, jibu ni yule ndugu aliyekaa pembeni akishika soda yake, akiomba asiulizwe swali.

Tena kuna mtu mwingine katika Injili ambaye tunamsahau haraka. Majilio yote tunasikia habari za Yohane Mbatizaji. Dominika ya pili na ya tatu ni zake karibu zote. Huyu ndiye aliyemtangulia Bwana, na malaika alipompasha Zakaria habari zake alisema mtoto huyo hatakunywa divai wala kileo, naye atajazwa Roho Mtakatifu tangu tumboni mwa mama yake (Lk 1:15). Mtangazaji mkuu wa sikukuu yetu, basi, ni mtu asiyekunywa. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba Yohane alikosa furaha. Kabla hajazaliwa aliruka kwa furaha tumboni mwa Elisabeti, na kuruka huko hakukuletwa na chochote kilichomiminwa katika kikombe. Kulitokana na ujio wa mtu.

Yesu mwenyewe aliwaweka wawili hao pamoja. Katika Luka 7:33-34 anaeleza jinsi watu walivyomsema Yohane, asiyekunywa, kwamba ana pepo, na jinsi walivyomsema yeye Mwana wa Adamu, anayekula na kunywa, kwamba ni mlafi na mlevi. Lililomhuzunisha ni kwamba watu walikuwa na neno la kumsema kila mmoja. Hakuchagua upande ili amlaumu mwenzake. Kwa hiyo ndani ya Kanisa kuna nafasi mbili katika meza moja, ya anayekunywa kwa kiasi na ya asiyekunywa kabisa, na nafasi zote mbili ni za heshima. Anayekaa katika nafasi ya Yohane hajajitenga na sikukuu. Amekaa mahali palipoandaliwa kabla hata ya pango la Bethlehemu.

Kanisa limelitambua jambo hili hata katika ibada yake takatifu kuliko zote. Kwa Misa inatakiwa divai halisi ya zabibu. Hata hivyo wako mapadre wasioweza kuonja hata tone la kileo kwa sababu ya ulevi uliowahi kuwatawala au kwa sababu nyingine ya afya. Barua za Idara ya Mafundisho Sadikifu za mwaka 1995 na 2003, zenye sahihi ya Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI, zinaeleza kwamba askofu anaweza kumruhusu padre wa namna hiyo kutumia mustum, yaani maji ya zabibu yasiyoachwa yachachuke. Fikirini maana yake. Kama Kanisa linaweza kutafuta njia kwa ajili ya padre mmoja aliye altareni, mimi na wewe tunashindwaje kutafuta njia kwa ajili ya ndugu mmoja sebuleni?

Sasa tuseme ukweli kuhusu mwili, maana imani haitutaki tudanganyane. Uraibu wa pombe ni ugonjwa unaogusa ubongo, na miezi ya kwanza ya kuacha ni migumu hata kwa mwenye imani kubwa. Hamu huamshwa na vitu ambavyo mwili umevizoea: saa fulani ya jioni, harufu, muziki fulani, kiti fulani, rafiki fulani. Sikukuu huvileta vyote kwa pamoja. Hamu hupanda kama wimbi, kisha hushuka. Mara nyingi, mtu akiondoka mahali pale, akatembea, akala au akazungumza na mtu, baada ya muda mfupi inapungua. Na tusimdanganye kwamba Noeli yake ya kwanza bila pombe itakuwa tamu kuliko zote. Huenda ikawa chapwa. Mwili uliozoea kuchangamshwa na kileo huchukua muda kujifunza tena kuchangamka wenyewe. Mtu asipoambiwa hili, akikaa mezani na asisikie furaha, atasema moyoni, “Kumbe maisha bila pombe ndiyo haya,” na atarudi alikotoka.

Neno jingine la lazima. Aliyekuwa akinywa sana kila siku asiamue tarehe 23 Desemba kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani. Kuacha ghafla kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kuleta kutetemeka, jasho jingi, kuona visivyokuwepo, degedege, na hata kifo. Aende kwa daktari kwanza, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa mjini au Hospitali ya Mtakatifu Yosefu Peramiho. Kwenda hospitali hakupunguzi sala.

Kama sikukuu inaweza kuwa chapwa, basi furaha ya Noeli ni nini? Hapa ndipo kiini cha swali letu. Tumezoea kuita furaha kile kichangamfu kinachopanda kichwani, na kweli pombe hukileta. Lakini sikukuu katika imani yetu ni kukumbuka. Tunakumbuka alichotenda Mungu, tunawakumbuka waliotutangulia, tunawakumbuka ndugu tuliopotezana nao mwaka mzima. Ulevi ni kusahau: mtu hunywa asahau deni, asahau ugomvi, asahau shida. Mambo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja kwa muda mrefu. Ni watu wangapi kati yetu wanakumbuka vizuri mahubiri ya Misa ya usiku na hawakumbuki chochote cha jioni iliyofuata? Waliopokea habari ya kwanza ya Noeli walikuwa wachungaji waliokuwa kwenye zamu, wakilinda mifugo yao usiku (Lk 2:8). Hawakuwa kwenye karamu. Walikuwa macho, ndiyo maana waliona. Injili haisemi walijisikiaje walipokuwa kwenye zamu. Huenda walikuwa wamechoka na baridi imewashika. Inasema kwamba walikwenda, wakamwona mtoto, wakarudi wakimtukuza Mungu. Furaha iliwakuta njiani, wakitenda.

Hilo ni tumaini kubwa kwa anayeanza. Haambiwi ajisikie vizuri. Anaombwa awepo: aende Misa, akae na watoto, aoshe vyombo, amtembelee mgonjwa. Furaha ina njia yake ya kumfuata mtu aliye kwenye zamu.

Yuko mtu aliyepita njia hiyo na ambaye Kanisa limemtambua. Matt Talbot alikuwa kibarua wa Dublin, Ireland, aliyezaliwa mwaka 1856 na kuanza kunywa akiwa bado mtoto. Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 28, alisimama nje ya baa bila senti mfukoni akitegemea marafiki aliokuwa akiwanunulia wamnunulie na yeye. Hakuna aliyemwita. Akarudi nyumbani, akaenda kuweka ahadi ya kutokunywa. Ona jinsi alivyoiweka: kwanza kwa miezi mitatu tu. Ilipokwisha akaiongeza, na hatimaye akaifanya ya maisha. Miezi ile ya kwanza ilikuwa migumu sana kwake. Alijizoesha kutembea bila fedha mfukoni ili asiingie baa, akalipa madeni yake, na jioni zile za zamani akazijaza na sala. Aliishi hivyo miaka 41, mpaka alipoanguka na kufa barabarani akienda Misa mwezi Juni 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua rasmi kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa.

Katika maisha yake tunaona mambo mawili. La kwanza, aliahidi kipimo alichoweza. Tangu tarehe 24 Desemba mpaka tarehe 1 Januari, sikukuu ya Maria Mama wa Mungu, ni siku tisa. Wakatoliki tunajua kuhesabu siku tisa, ni novena. Anayeanza kuacha asiziangalie Noeli zote za maisha yake. Asali siku hizi tisa, moja moja, na kila jioni amshukuru Mungu kwa moja iliyopita. La pili ni chungu zaidi: marafiki walimwacha nje alipoishiwa fedha. Hawakufanya hivyo ili kumponya, ingawa Mungu aliutumia ukatili wao. Sisi tusingoje Mungu atumie ukatili wetu. Tumpe atumie wema wetu.

Sasa, ni nani mwenye wajibu? Paulo anawaandikia Warumi (14:21) kwamba ni vema kuacha nyama, divai na chochote kinachomkwaza ndugu. Tazama anazungumza na nani. Anamwambia mwenye nguvu. Sisi tumezoea kumwambia dhaifu, “Jikaze.” Paulo anamgeukia yule ambaye pombe haimsumbui na kumwambia: wewe ndiwe unayeweza kubeba, basi beba. Hapa ndipo jibu la swali letu la pili linapopatikana. Mzigo ni wa mezani nzima, na unaanza kwa mwenye nyumba.

Nini kifanyike? Alama ya ukarimu inaweza kubadilishwa bila kupoteza maana. Wazee wetu walijua togwa. Uji wa mahindi hupikwa, ukapoa, ukatiwa kimea cha ulezi, na ukawa kinywaji kitamu kinachompa mtu nguvu bila kumlevya. Ikitengenezwa kwa ajili ya Noeli na kutolewa ikiwa mpya, maana ikikaa siku nyingi huchacha na kuanza kuwa pombe, ni kinywaji cha heshima. Kama harufu yake inamkumbusha anayeanza mambo ya zamani, apewe juisi ya maembe ya msimu au chai ya tangawizi. Jambo kubwa ni kwamba kinywaji hicho kiwekwe mezani kwa wote tangu mwanzo, katika glasi nzuri zilezile, ili anayekichukua asionekane amechukua cha wagonjwa. Na asiulizwe kwa nini. Baba mkubwa anayemimina togwa kwa mkono wake na kumpa kijana wake amemwambia yote ambayo chungu kiliwahi kusema.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zinaweza kupanga. Wanajumuiya wawili wamtembelee ndugu huyo mchana wa tarehe 25, saa ambazo ni ngumu, wakiwa na chakula na maongezi. Apewe kazi kwenye sikukuu: kupanga viti, kupiga ngoma kwaya inapoimba, kuwapeleka watoto kuona pango. Mtu mwenye kazi ana sababu ya kuwepo na ana sababu ya kuondoka inapotakiwa. Na yeye mwenyewe afike mapema, aondoke mapema, na awe na mtu mmoja anayejua siri yake na anayeweza kumpigia simu saa yoyote.

Tuwakumbuke na akina mama wapikao pombe. Wengi wao wako katika jumuiya zetu, na kwa komoni hiyo wamesomesha watoto. Kuwatukana mimbarini si haki, hasa kama watukanaji walikuwa wateja jana. Lakini mama mwenye kilabu ana uwezo ambao padre hana: anawajua wote kwa majina, na anajua nani amejitahidi kuacha. Akimwambia mmoja wao, “Mwanangu, kwangu leo utapata togwa tu,” amefanya kazi ya kichungaji. Anapoteza shilingi mia kadhaa. Nasi wengine tununue togwa yake siku hiyo, ili wema wake usimgharimu chakula cha watoto.

Na kama ndugu akianguka katikati ya siku zile tisa? Tusiseme si kitu, maana yeye anajua kwamba ni kitu. Tusiseme pia kwamba yote yamekwisha. Siku alizoshinda hazifutiki. Aende kwa padre aungame, aende kwa daktari kama anahitaji, na kesho yake aanze siku yake ya kwanza. Mungu aliyekubali kuzaliwa mahali pa kulishia mifugo haoni haya kuanza tena mahali pabaya.

Januari ikifika, wazazi wote wa Songea wanaijua: sare, madaftari, mbolea ya kukuzia, na mfuko uliobaki mtupu. Katika nyumba ya aliyevuka siku zile tisa kutakuwa na kitu kidogo kilichosalia. Zaidi ya hapo, watoto watakuwa wamemwona baba yao, au mama yao, Noeli nzima. Huenda yeye hakuisikia furaha hiyo sana. Wao waliisikia. Na mwaka ujao, kwa neema ya Mungu na kwa meza iliyoandaliwa na wote, ataanza kuisikia na yeye.